Hedifoni Ulizobeba Kwenda Mbeya

Mpendwa baba Rukia,

Eda imekwisha, na watu wanadhani sasa nimetulia. Sijatulia. Nina wivu, mume wangu. Kumwonea wivu mke mwenzangu na wewe uko kaburini ni aibu, na sina wa kumwambia ila wewe uliyeuleta wivu wenyewe.

Unakumbuka siku ile dukani kwa Mhindi, hapa Iringa? Baridi ya Julai ilikuwa inauma, ukanivalisha koti lako. Amplifaya ulikuwa umeshaichagua, lile kasha zito la kupigia santuri, linalokula betri ya lori, lenye taa za kioo ndani ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo lipige. Kwenye hedifoni ukakwama. Moja ilikuwa nyepesi, inang'aa, ukaipenda kwa sura. Nikaivaa, mwimbaji akasikika kama anaimbia ndani ya debe. Nikavaa ya pili, nzito, imezungushiwa ngozi, nikamsikia yule mwanamke akivuta pumzi kabla hajaanza kuimba.

"Hii," nikasema.

"Lakini hiyo ni ghali, mama Rukia."

"Ghali ndiyo. Ile nyingine kamvalishe mbuzi."

Mhindi alicheka mpaka akashika meza. Ukalipa.

Tukawa tunasikiliza wawili. Baada ya alasiri unafunga duka, tunakaa mkekani, kila mmoja anabana upande wake sikioni, vichwa vimegusana. Majirani walininunia. Mtaani kwetu mwenye santuri anaiweka dirishani wote wasikie, na sisi tulikuwa kama watu wanaokula wamefunga mlango. "Kamwene, wachoyo!" mama Asha alikuwa anatusalimu kwa Kihehe, anapiga kelele akipita. Sikujali. Nilikuwa mchoyo kweli, tena nilifurahia.

Kisha ukaoa Mbeya, kule Iyunga, kwa ajili ya duka la pili, ulivyosema, kana kwamba duka haliwezi kulindwa na mlinzi. Na wewe na haki zako! Doti ya khanga kwake, doti ya khanga kwangu. Amplifaya haikatwi vipande viwili, basi ukaipa zamu kama uliyojipa mwenyewe: mnapanda basi pamoja, mnarudi pamoja. Hedifoni ukasema zibaki Iringa kwa kuwa nilizichagua mimi. Kule ipige kwa spika. Kila iliporudi ilikuwa imefungwa kwenye khanga yake, inanuka udi wake. Nilikuwa naifuta kwanza kabla hata sijakuwekea chai.

Mpaka safari ile uliyosema, bila kunitazama, "Leo nakwenda na hedifoni pia."

"Za nini? Kule si kuna spika?"

"Nazitaka tu."

Ukazitia kwenye mfuko wako. Tangu hapo zikawa zinasafiri nawe, na mimi nikabaki na picha kichwani: mkeka wake, vichwa vyenu viwili, sikio lake kwenye ngozi niliyoichagua mimi. Ukirudi nilikuwa nazibana sikioni mpaka naumia, nawaza jasho la nani hili. Sikukuuliza. Niliogopa utanijibu. Halafu homa ikakushika hukohuko Mbeya, na jibu ukaondoka nalo.

Jana mke mwenzangu alikuja. Aliteremka kwenye basi na amplifaya kichwani, hedifoni shingoni. Mdogo kuliko nilivyodhani, uso umechoka.

"Shikamoo dada. Nimekuletea vitu vyako."

Hata kiti sikumpa. Nikamuuliza palepale mlangoni, "Mlikuwa mnasikiliza pamoja?"

"Hapana dada. Spika ilikuwa inatujazia watu uani, ndo maana akazileta hizi. Mi hakunivalisha hata siku moja. Alisema ni za mama Rukia."

Baba Rukia, moyo uliniruka. Nilimvuta ndani, nikampa kiti, nikampa chai, nikamkatia mkate kipande kikubwa kuliko changu. Nilikuwa nimeshinda. Ndipo akacheka kidogo, peke yake, akitazama kikombe.

"Ila alikuwa anaimba! Akishazivaa haisikii sauti yake, basi anaimba kwa nguvu, anaharibu wimbo wote. Mi nakaa tu namsikiliza. Nilikuwa hata sisogei, nikisogea anaacha."

Miaka yote tuliyoishi sijawahi kukusikia ukiimba. Kwangu sikio lako moja lilikuwa wazi, ukijisikia unaona haya, unanyamaza. Mimi nilikuwa nasikiliza wanawake wa kwenye santuri, na yeye alikuwa anakusikiliza wewe.

Nikasahau kwamba mimi ndiye mkubwa. Nilimwomba aniigizie, hata mstari mmoja, ulivyokuwa unaimba. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Dada, vyote nimekuletea. Hicho niachie."

Nimemwachia. Lala salama, baba Rukia, na unisamehe kwa kuwa bado nina hasira.

Mimi mkeo wa Iringa,
Mama Rukia