Kompyuta Yako Waliigawa, Elia

Elia, muvyala wangu,

Nimekukasirikia tangu tulipomaliza msiba mpaka leo. Na kwa kuwa mtoto wa shangazi ni mtani hata akiwa kaburini, nitakusema bila kukuonea haya. Mtu gani anakufa na kuiacha kompyuta wazi, mfuniko uko pembeni, skrubu zimo kwenye kikombe cha chai?

Siku ya kuganduka, msiba ulipoondolewa rasmi, wazee wenu waligawa vitu vyako. Shati la huyu, baiskeli ya yule, vizuri kabisa. Kisha wakafika kwenye kompyuta. Baba yako mdogo, mzee Filipo, akaitazama, akaona vitu vitatu mezani, akaamua kwa haki yote: kioo kiende kwake Mabamba, kibodi apewe dada yako wa Nyakitonto, na mimi niliyekuwa nikicheza nawe nipewe lile sanduku. Nikasema jamani, hiki ni kitu kimoja. Mzee akaniuliza, "Kimoja, mbona kina waya katikati?" Watu wakacheka, mgao ukapita. Nikarudi Kasulu na sanduku lisilo na macho wala vidole.

Nilitaka tu kumaliza tulichoanza. Unakumbuka, ile mashine chakavu ya ofisini uliyoinunua mnadani Kibondo, na hamu yako ya kucheza mpira wa kwenye kompyuta ambao wachezaji wana sura, siyo ule wetu uliokuwa unaganda kila kona inapopigwa. "Tutaiongezea vifaa pole pole," ulikuwa unasema, "mpaka ikimbie." Sasa nikafungua boksi ulilolificha chini ya kitanda chako, nililopewa pamoja na sanduku, nikaikuta kadi ya picha. Elia! Kadi ina feni mbili, ndefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, na sanduku lenyewe jembamba. Si nilikwambia upime kwanza? Ukanijibu, "Muvyala, chuma hakipimwi, chuma kinakatwa." Na kweli, ubavuni mwa sanduku nikakuta alama za msumeno. Ulikuwa umeshaanza! Na hata ungelikata lote, kadi ile inadai umeme mwingi kuliko unaotolewa na pawa saplai ya mashine ile, wala waya wa kuilisha haumo.

Nilikaa nayo muda kabla ya kuipeleka kwa Ami Salumu, mwenye duka la vifaa vya kompyuta hapa mjini. Niliogopa. Kwa ajili ya kadi hiyo ulikwenda kazini na kandambili msimu mzima wa mvua, nami nilikuona. Kuitoa kulikuwa kama kukutoa wewe. Ami akaigeuza geuza, akasema, "Binti, mzigo mzuri huu, ila kwako hauna pa kukaa." Tukabadilishana. Akanipa kadi fupi isiyohitaji waya wake, RAM ya kuongezea, na diski ndogo ya kisasa isiyozunguka, vyote vimeshatumika lakini vizima. Nikatoka dukani nalia hadharani, wauza dagaa wananitazama, na nilikuwa nimekukasirikia kuliko siku ya mazishi. Kupima tu, Elia. Kupima kunakula nini?

Kibodi haikunisumbua, dada yako aliirudisha mwenyewe, hakuwa na kazi nayo. Kasheshe ilikuwa kioo. Nilifika Mabamba nikakikuta juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, mzee Filipo anasubiri siku kitakapoonyesha taarifa ya habari. Nikamweleza kwamba hiyo siyo televisheni. Nikamweleza tena. Akasema mali ya marehemu haizururi peke yake. Kama kioo kinakwenda Kasulu, basi naye anakwenda. Nikadhani anatania. Asubuhi yake tukapanda basi wote watatu, kioo kimevikwa koti lake, yeye anatetemeka kwa baridi.

Nikaunganisha kila kitu huku ananisimamia mgongoni. Ikawaka. Wachezaji wana sura, Elia. Nyasi zinaonekana, kona inapigwa bila kuganda. Kwa mazoea nikachagua mchezo wa watu wawili, na timu yako ikasimama uwanjani haifanyi kitu. Nikapiga pasi huku, nikapiga pasi kule. Goli liko wazi na nikashindwa kufunga.

Mzee akauliza, "Wale mbona wamesimama?" Nikamwambia wale ni wa Elia. Akakaa kitako, akaichukua pedi yako ya kuchezea, akaishika juu chini, akaanza kubonyeza. Bao lake la kwanza alijifunga mwenyewe, akashangilia mpaka jirani akachungulia. Halafu akaitazama pedi. "Kumbe hiki ndicho kilichokuwa kinamshika Jumamosi nzima," akasema. "Mimi nilidhani mtoto wa kaka yangu ananichukia, ndiyo maana haji kwangu." Chakula kilipoa, pedi hakuiachia.

Sasa anataka kioo kirudi Mabamba, na ni haki yake, alipewa mbele za watu. Lakini kitu chako sikigawi tena. Nimemwambia kioo kikienda, sanduku linakwenda nacho, na kibodi, na mimi nitakuwa nawafuata hukohuko kila mwisho wa mwezi. Umeona ulichonifanyia? Nitakula vumbi la njia nzima kwenda kucheza na mzee ambaye hata wa ukoo wangu si, anayejifunga mabao na kuringa. Ungekuwepo ungenicheka mpaka nikurushie kandambili.

Nimekukumbuka mno, mpumbavu wewe. Pumzika, muvyala. Nakuahidi nitakwenda. Timu yako haitasimama tena.

Muvyala wako,
Anisia