Pindo la Kulia

Ijumaa, baada ya Isha

Na leo nimenyamaza, mimi fundi cherehani ambaye mtaa mzima wa Mtanda unanijua kwa mdomo.

Rukia, binti wa marehemu shoga yangu Zuhura, alikuja na sketi ya mtumba ya neti, tabaka juu ya tabaka, kama za wale wachezaji wa Ulaya wanaosimama kwa ncha za vidole. Nilidhani kaniletea chandarua. Anataka kuivaa Jumapili, atakapocheza ngoma akishika nafasi ya mama yake kikundini.

"Shikamoo, mama mdogo. Nipunguzie urefu tu."

"Marahaba. Cheza kwanza."

Simpimi mchezaji akiwa amesimama. Sketi ya namna hiyo humfunga miguu. Nikampigia mdundo kwenye meza ya cherehani.

"Mama mdogo, hiyo ni ngoma au unaua mende?"

Tukacheka. Kisha akacheza, na kicheko kikanikauka. Kila akigeuka, anazama upande wa kulia. Zuhura alikuwa akizama hivyo kwa sababu ya goti bovu, akiuma meno watu wasijue. Mimi nilikuwa nikimkatia pindo la kulia fupi kidogo, ili akizama lionekane sawa.

Binti ana magoti mazima. Amejifunza maumivu ya mama yake akidhani ndiyo mtindo.

Nilitaka kumwambia ajinyooshe. Lakini akijinyoosha, Zuhura nitamwona wapi tena...

Nimekata pindo la kulia fupi, kama nilivyozoea.