Mkono wa Kwenye Video

Mpendwa dada,

Salamu tele zikufikie hapo ulipo, bila shaka kwenye cherehani, pini mdomoni. Wapwa wangu hawajambo? Na shemeji, goti limetulia? Mimi ni mzima, isipokuwa kwa jambo moja nitakalolifikia taratibu, nawe usiruke mistari.

Kwanza habari za kazi. Maktaba yetu ya hospitali ilikuwa ya wanafunzi wa udaktari wanaotafuta mahali pa kusinzia. Ndipo mkuu wetu akasema kama watu hawavifuati vitabu, vitabu viwafuate watu, tuanze podikasti na video. Kipindi cha kwanza nilikiandika mimi, nikakiita "Shinikizo la Damu." Ukanipigia mbio kuuliza ni nani ananishinikiza kazini mpaka damu itoke! Nilinuna, kisha nikacheka peke yangu kama mwehu. Watu husema presha, basi. Tukabadili jina, tukauvua ule usomi, na nesi wetu akaanza kuzungumza vilevile anavyozungumza wodini. Sasa watu wanatusikiliza wakimenya viazi, na madereva wanakuja maktabani kuulizia kama yule nesi ameolewa. Nina furaha, dada. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kunyamazisha watu.

Sasa ile video ya kupima presha uliyoiona. Ilihitaji mkono wa mfano tu. Nesi akafunga kipimo, akasoma, akapima tena. Ilikuwa juu mno. Daktari akashauri turekodi upya kwa mkono mwingine, tusiwatie watu hofu. Mwenye mkono akasema uso wake hauonekani, iachwe hivyo hivyo. Tangu itoke, foleni ya kupimwa inafika mlangoni kwetu.

Nawe ukanitumia ujumbe wa sauti, ukisema yule bwana asipoangalia presha itamwangusha kama ilivyomwangusha mama, ila fundi aliyemshonea shati lile anajua kazi. Nimeusikiliza mara nyingi.

Dada, shati lile ulilishona wewe. Mkono ni wangu. Usilowanishe kitambaa cha watu kwa machozi. Nimeanza dawa, na presha inashuka vizuri. Lakini mama yetu ni mmoja, na kila nikikuambia ukapimwe, unasema una magauni ya harusi ya kumaliza. Nilikubali video ibaki kwa sababu nilijua utaitazama. Nawe ukaishia kusifu mshono!

Naogopa, dada. Sina mwingine wa kunicheka. Kesho asubuhi funga cherehani, nenda ukapimwe, ukunje mkono wa gauni nawe, kisha unitumie namba ya presha yako kabla hujala.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shemeji mwambie ngazi azipande polepole.

Ni mimi mdogo wako,
yule bwana mwenye fundi mzuri.