Swichi Uliyomkataza Baba

Mama, mwaka mmoja umetimia leo tangu utuage. Pale hospitalini ulituambia hutaki maua. Unachotaka ni lile tanuri la kuchomea taka, nyuma ya shule tuliyosoma, lizimwe. Basi leo hatuji na maua. Tunakuja na habari, lakini subiri kidogo. Wewe ndiye uliyetukataza kusoma matokeo kabla jaribio halijaisha.

Nyumba bado ina mwandiko wako. Vyombo vya jikoni vina vibandiko kama chupa za maabara: "Mchuzi. Jumanne. Nusa kwanza." Hakuna aliyethubutu kuvibandua, ingawa mchuzi wenyewe uliliwa zamani.

Wajukuu bado wanakuita Bibi Karoti. Wakiuliza kwa nini, tunawajibu ulivyotujibu sisi: karoti huupa mwili vitamini A, nayo huzaa retinoidi, vitu vidogo vinavyoiambia seli lini ikue na lini itulie. Seli isiyosikia huzaana ovyo, na hapo saratani hupata mlango.

Miaka kumi na miwili ulitafuta jambo moja tu, moshi wa tanuri lile unazifanyia nini seli zetu. Wakubwa wako kazini walikwambia moshi ni moshi, hata jikoni upo. Ukarudi maabarani, kwenye visahani vyako vya kukuzia seli, chini ya taa ya njano, maana retinoidi haivumilii mwanga mweupe.

Halafu Baba akaharibu. Alikuletea chakula cha mchana, akakuta umeitwa kikaoni na chumba kiko nusu giza. Akawasha taa kubwa akusubiri. Alipokumbuka onyo lako, aliizima na kuondoka kimyakimya. Wiki iliyofuata ulirudi nyumbani umechanganyikiwa: seli ambazo hazijaguswa na moshi zilikuwa zimeharibika sawasawa na zile za moshi. Ulirudia hesabu, ukaosha kila chupa, ukaacha kula. Siku ya nne, mezani, Baba akashindwa kuvumilia.

"Mama watoto, ile siku ya chakula... niliwasha taa."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikamaliza gazeti."

"Lote?"

"Lote. Na matangazo ya vifo."

Tulishusha vijiko, tukingoja radi. Wewe ukainuka, kiti kikaanguka, ukambusu Baba kwenye kipara mbele yetu sote. "Kuteleza si kuanguka, mzee wangu! Mwanga umeiua retinoidi, na seli safi zimekuwa kama za moshi. Basi moshi nao unazinyang'anya kitu hichohicho!" Hatukuelewa hata nusu, lakini tulipiga makofi.

Ilikuchukua miaka mitatu zaidi kuthibitisha, safari hii kwa makusudi. Mlangoni ukabandika karatasi: "Usiwashe taa. Hasa wewe, mume wangu." Mbele ya kamati iliyoundwa kuamua hatima ya tanuri, msemaji wa tanuri alipodai mitambo yake haitoi sumu, ulimwekea picha za visahani mezani, ukakaa. Njia ya mwongo ni fupi, ulituambia jioni ile. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza, na sauti yako ilikuwa imekwisha, lakini ulikuwa unacheka.

Sasa matokeo, Mama. Umeshinda. Kamati iliamua kwa kauli moja, na Ijumaa iliyopita tulikwenda kushuhudia. Wanafunzi wako wa maabara walikuja na makoti yao meupe. Walimu wa shule waliwatoa watoto wote madarasani, wakawaleta uwanjani. Fundi wa mitambo akauliza nani atazima, na wanafunzi wako wakamsukuma Baba mbele. Akatugeukia, akauliza, "Ni hii kweli? Mama yenu asije akanigombeza." Tukamwambia ni hiyohiyo. Akabonyeza. Moshi ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe, na Baba akalia kwa sauti bila kujificha. Tunajivunia wewe, Mama, kuliko maneno yanavyoweza kubeba.

Unakumbukwa na mumeo, mwasha taa wako. Sisi wanao watatu. Mdogo wako muuguzi, aliyekushika mkono mpaka mwisho. Wajukuu wako watano. Na wanafunzi wako, ambao wameikataa katakata rai ya kuibandua ile karatasi ya mlangoni.

Daima, kila tutakapopita nyuma ya shule ile na kuvuta pumzi, tutakukumbuka.