Kisomeo cha Mbuzi Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo daktari wa macho amenizika nusu. Jicho la kulia basi, limekwenda. La kushoto lina presha — kumbe hata jicho lina presha! Nikamwambia mimi nilidhani presha ni ya wanaume wenye wake wawili. Hakucheka. Akasema kilichopotea hakirudi, nitie dawa nilinde kilichobaki. Nikamuuliza kitabaki mpaka lini. Akaanza kupanga karatasi zake.

Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Naandika kwa kalamu nene, ile ya kuandikia magunia, na bado mistari inapandana kama mbuzi. Haidhuru. Kiswahili changu ni cha darasa la nne, lakini Sahara hakisomi. Huyu mke wangu amesoma kila kitu kingine ndani yangu. Hiki abakishe.

Jumanne, 5 Agosti

Habibo alikuja, mjane wa mwanangu Noordin. Kaleta flashi ndogo kama kucha. Anasema Noordin alikuwa anaandika, mwaka ule wa figo, akiwa kitandani. Mambo ya nyumbani, mambo ya utoto, kurasa tisini. Yeye mwenyewe hajasoma, hana nguvu.

"Aabo," akaniita, yaani baba kwa lugha yetu, "nikusomee?"

Nikakataa haraka, kama mtu aliyekanyaga msumari. Akashangaa.

Sababu naijua. Sijawahi kuisema popote, acha niiandike. Mwaka ule wa ukame Noordin alikuwa na miaka kumi na mbili. Alikuwa malishoni. Nikabeba vitabu vyake vyote vya shule, nikamuuzia mwenye duka kwa kilo, afungie sukari. Siku ya pili moyo ukanisuta, nikarudi kuvikomboa. Nilikuta majalada mawili. Nilisimama pale dukani nimeyashika, nalia kama punda aliyekosa maji. Hakuna aliyeniona, wala siku ya kwanza wala ya pili.

Mtoto aliporudi nikamwambia ni mchwa. Mchwa! Akageuka, akaenda kuwafungia mbuzi. Akawa mwalimu huko Balambala, akaoa, akaugua, akafa — hakuuliza tena.

Sasa kama imo humo, nataka kuiona mwenyewe. Sio kusomewa na mkwe wangu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejaribu kwa simu. Herufi kama sisimizi, na mwanga unachoma kama pilipili. Machozi yananitoka, Sahara ananiuliza nimeangalia picha gani chafu.

Jioni nikaenda kwa Abshir, muuza simu wa Ngamia Road.

"Karibu awoowe."

"Awoowe, babu, ni baba yako. Mimi niite adeer, ami yako."

Marehemu baba yake alikuwa dalali sokoni kama mimi, tumegombania mbuzi miaka thelathini. Nikamwambia nataka kitu cha kusomea, herufi kubwa, kisichoniunguza. Akaweka vitu vitatu mezani. Cha kwanza tabuleti — kwa daktari ni dawa, kwa Abshir ni simu iliyonenepa. Inawaka vilevile. Cha pili ni kisomeo chenyewe, kipya, kikubwa, chenye taa ya upole. Bei yake mbuzi wawili na chenji. Cha tatu kisomeo kidogo, cha mkono wa pili. Kilikuwa cha mwalimu wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, amepata safari ya Kanada, anauza mpaka ndoo. Hakina taa kabisa. Unakisoma kwa jua la Mungu kama karatasi.

"Wino wake unajiandika," Abshir anasema, "halafu unajifuta, unaandika mwingine."

Loox! Ule ubao wetu wa duksi, chuo cha Kurani! Wino wa mkaa, unahifadhi, unaosha kwa maji, unaandika tena. Na yale maji tulikunywa. Nilikunywa ubao mzima utotoni, sijui ile elimu ilikwenda wapi.

Bajeti yangu ni mbuzi mmoja. Nina wawili, na wa pili ni wa maziwa ya Sahara. Huyo haguswi.

Jumatano, 13 Agosti

Soko. Nimemuuza yule mweupe. Zamani nilikuwa naona kilema cha mbuzi toka ng'ambo ya boma. Leo nimepapasa meno yake kwanza nisije nikauza mbuzi wa mtu.

Kijana mmoja akaona ninavyompapasa, akauliza, "Mzee, unaposa mke?"

"Ndiyo, kwa mama yako."

Wakacheka wote. Sikuwaona nyuso.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimenunua kile kidogo! Nikamwambia Abshir, sitaki kelele za bei, lete mkono. Nikatupa shali juu ya mikono yetu kama tulivyofanya na baba yake. Kila kidole ni elfu moja. Nikashika vidole vyake vinne. Akacheka, akashika vyangu vyote vitano na vinne tena. Nikambinya. Akabinya. Wateja wamesimama, hawajui tunaongea. Tumeachana kwenye elfu nane. Robo saa ile chini ya shali sikuhitaji jicho hata moja. Robo saa tu.

Kisomeo nimekikagua vizuri. Nimebonyeza pembe zote, nimekitikisa, nimeuliza kinakunywa umeme mara ngapi. Mara moja kwa wiki mbili, kama ngamia. Sahara anasema: "Mzee umerudi duksi. Imebaki fimbo tu."

Ijumaa, 15 Agosti

Balaa.

Vitabu vya mwalimu wa Dagahaley vimo bado, na herufi zake zinakua ukitaka, mpaka ukubwa wa ngumi. Lakini karatasi za Noordin zimekataa. Ukizikuza, ukurasa wote unanenepa na kutoka nje ya kioo. Naona nusu ya neno, nasukuma kulia, nalipata lingine, la kwanza nimelisahau.

"Ah, adeer, hii ni PDF," anasema Abshir. "Haikunjiki. Hukuniambia."

Bi-di-ef! Nimekosa kama mnunuzi wa Nairobi anayekuja na viatu vya ngozi: nimemkagua mnyama meno na kwato, sikuuliza anakula nini. Miaka arobaini ya udalali!

Kile kikubwa kingeimeza bi-di-ef yote, anasema. Ni kuongeza mbuzi mmoja tu. Nikatoka bila kuaga.

Jumamosi, 16 Agosti

Kompyuta ya Noordin ilikufa kabla yake, na maandishi ya awali yakafia humo. Abshir kajaribu kuigeuza hiyo bi-di-ef, maneno yakatoka yamechanganyika kama mahindi na maharage. Habibo akasikiliza yote, akasema basi, nitaipiga chapa upya mwenyewe, nikitoka ofisini, neno kwa neno.

Nikasema ni kazi kubwa, aache.

"Aabo, ulitaka kusoma au hutaki?"

Kwa hiyo yeye atasoma kabla yangu. Nimenunua mashine ili mkwe wangu asinisomee, na mashine imemfanya asome peke yake.

Jumapili, 24 Agosti

Asubuhi nimemimina chai. Nilidhani kikombe kiko pale. Sahara hakunitania. Alifuta meza, akaniwekea mkono wangu kwenye sikio la kikombe.

Angenitania tu.

Alhamisi, 28 Agosti

Habibo kapiga simu. Amefika ukurasa wa sitini. Sauti ndogo. Nikamuuliza mambo yakoje humo. Akasema mtandao mbaya, akakata. Mtandao ulikuwa mzuri, nilisikia mpaka kuku wa jirani yake.

Jumamosi, 30 Agosti

Ameleta. Alitia mwenyewe ndani ya kisomeo, akaniwekea herufi kubwa ya mwisho. Sahara akauliza, marehemu kasema nini? Habibo akajibu kama binti kwa mama yake, "Kasema mengi, hooyo."

Mimi nilikuwa karibu yake kabisa, kwenye lile tundu langu la kuonea. Alipokuwa akinipa, hakunitazama. Miaka arobaini nimekaa sokoni. Muuzaji asiyekutazama ana kitu anachokijua juu ya mnyama.

"Nimeandika kama ilivyo, Aabo. Sijafuta hata neno."

"Nilikuomba ufute?"

"Hapana."

Akaondoka hata chai hakunywa. Ila mlangoni alirudi, akanishika bega. Alinihurumia, au alinisamehe, au alitaka kuniaga tu? Angenipa mkono chini ya shali ningejua.

Jumapili, 31 Agosti

Niko nje, ukutani, jua limepanda vizuri. Kalamu mkono mmoja, kisomeo kwenye goti. Sahara yuko kwa mbuzi wake.

Kwa herufi hizi ukurasa mmoja unachukua maneno matatu. Nimehesabu kurasa zitakuwa ngapi, nikaacha. Nikipata siku zote hizo, alhamdulillahi.

Nimebonyeza. Kila ukibonyeza kioo kinakuwa cheusi chote kwanza — kinaosha ubao — halafu maneno yanakuja. Abshir alinionya nisishtuke. Nashtuka kila mara.

Mwanzo ni mambo ya mvua, ya bibi yake, ya punda wetu aliyekuwa anakula sabuni. Nimecheka peke yangu. Kumbe mtoto alikuwa mtani! Hakuwahi kunitania mimi.

Adhuhuri imeadhiniwa, nimeswali hapahapa, nimerudi. Sasa imekuja. Nanakili ukurasa kwa ukurasa nisije nikasema nimeota.

"Vitabu vyangu viliuzwa"

Alijua. Sio mchwa. Alijua miaka yote ile!

"kwa kilo. Aabo"

Nimebonyeza mara mbili kwa pupa, nimerudi nyuma.

"alidhani sikumwona siku"

Siku gani? Nilikwenda siku mbili. Siku ya kwanza nimebeba mfuko begani, napiga mluzi. Siku ya pili nimeshika majalada. Noordin, siku gani?

Nimebonyeza.

Kioo kimekuwa cheusi. Ni kawaida, kinaosha ubao kwanza. Nangoja. Ukuta nao siuoni vizuri, labda ni wingu. Bado cheusi. Namwita Sahara aje aniambie kama ni mashine au ni