Geti Linalofungwa Kutoka Dodoma

Katindiuka, Ifakara

Kwa kaka yangu Hilari,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi Noela na watoto. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mpunga umeiva na ndege wanatutoa jasho. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Kila nikifika katikati unaniuliza mtandao unasomaje.

Nianze na kazi yako. Ulipokuja Krismasi ulituonyesha maarifa, sikatai. Mitambo ya pampu na geti, yote ya kizamani isiyojua intaneti, uliiunganisha kwa waya kwenye kile kisanduku ulichokuja nacho, kisanduku ukakiunganisha na waifai, na tangu hapo nyumba ya Mama inaendeshwa na kidole chako huko Dodoma. Ufunguo wa kufungulia geti kwa mkono ukaondoka nao, eti tusije tukaharibu. Mama alikupigia vigelegele. Mimi nilinuna, ukasema nina wivu.

Kisima kile alikichimba Baba, na tangu enzi zake mtaa mzima unachota hapo. Umekua ukiliona hilo.

Basi jirani yetu Mzee Beatus alipofariki, nilikutumia ujumbe siku ile ile, ukajibu kwamba umesikitika sana. Kesho yake kina mama walikuja na ndoo. Za kwanza ziliishia kwenye masufuria ya waombolezaji. Waliporudi kuchota maji ya kumwosha marehemu, walikuta geti limefungwa, na sisi huku ndani pampu imezima. Nilikupigia. Ulisema uko kwenye kikao, simu yako imekuonyesha maji yanatoka kupita kiasi na geti liko wazi, ukadhani ni wezi ukafunga, na kwamba utashughulikia jioni. Nikakueleza kuwa ni msiba. Ukaniambia nisikuchanganye. Kina mama walisubiri juani, kisha wakaondoka. Mzee Beatus aliyekufundisha kuendesha baiskeli, kaka, alioshwa kwa maji ya tope ya mto Lumemo.

Tangu siku hiyo jumuiya yetu ya kanisa inaposali nyumba kwa nyumba, ya kwetu inarukwa. Digna, mjane wa marehemu, aliyekuwa akila na Mama sahani moja, wakikutana njiani anajifanya anafunga kanga. Mwaka jana tulivuna na watu hadi wengine wakakosa nafasi ya kukaa wakati wa chakula. Mwaka huu tunavuna wawili, mimi na Mama, na mgongo wake unaujua. Nina hasira na wewe, sitakuficha.

Sasa nikuambie lile ambalo Mama amenikataza. Watu wanajua geti letu hufunguliwa kwa simu, na wanadhani simu hiyo ni ya Mama. Nilitaka kwenda kwa Digna nikamweleze ni nani aliyefunga. Mama akanitangulia. Alisimama mbele ya wanajumuiya akasema ni yeye, kwamba alichoshwa na watu wanaomwaga maji ovyo. Mama yetu, aliyekuwa akiwafuata watu barabarani waje wachote! Nilimuuliza kwa nini anajipaka matope yasiyo yake. Akanijibu kwamba yeye wakimnunia atavumilia, lakini siku atakapokufa, ni wewe utakayesimama pale uani ukitafuta watu wa kumchimbia kaburi na kumbeba, na siku hiyo hataki wakutazame kama wanavyomtazama yeye sasa.

Nilitaka kung'oa kile kisanduku nikitupe. Alinishika mkono, akasema ni kazi ya mwanawe.

Mfikishie wifi salamu zangu, na watoto wabusu. Mama naye anakusalimu sana. Ameniagiza nikuandikie kwamba mitambo yako inafanya kazi vizuri.

Mdogo wako,
Agnella