Ile Mistari Miwili Uliyoifuta

Bwana mdogo,

Maharage yako jikoni, pasha mwenyewe. Gesi uifunge.

Fomu ya wateja kwenye tovuti imegoma asubuhi, bosi akanifokea kwenye simu. Yote kwa sababu ya mistari yangu miwili ya msimbo uliyoifuta jana ukisema `typeof`, ile ya kuuliza aina ya kitu, inatosha. Inatosha wapi? Ukiiuliza hivyo JavaScript, `null`, yaani pasipo kitu, ni "object", orodha nayo ni "object", sawa na taarifa za mteja! Ndiyo maana nilikuwa naikataa `null` kwanza, kisha nahakikisha prototype, yaani asili ya kitu, ni `Object.prototype`. Nimeirudisha.

Lakini kinachoniuma si mistari. Ulikaa mbele yangu unakoroga chai, unasikia ninavyotukanwa, kama vile huhusiki. ~~Basi, yameisha.~~ Hayajaisha. Mpigie bosi kabla ya saa kumi umwambie ni wewe uliyeifuta, la sivyo huna dada.

Dada yako, mpaka saa kumi jioni